Kadi ya Thelathini na Tisa

“Waheshimiwa wabunge, natangaza rasmi, mbele ya kuta hizi nne na kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, kwamba darasa letu lina mwanafunzi wa thelathini na tisa. Hana kitanda, hana sahani, hana jina, na Matroni hajawahi kumsalimia. Naomba tusimame dakika moja kumkaribisha.”

Spika mwenyewe alikuwa amekwisha kusimama, juu ya sanduku lake la bati, shuka begani kama joho la jaji, mkono mmoja kifuani. Alikuwa anavuta pumzi ya sentensi ya mwisho, ile nzito kuliko zote, pale kifuniko kilipobonyea. Mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini katikati ya soksi na vipande vya sabuni, na joho likamwangukia usoni. Hakuna aliyecheka, kwa sababu bweni lilikuwa tupu. Wenzake wote walikuwa bwaloni wanakula, naye alikuwa amejificha afanye mazoezi ya utani wake wa mchana.

Alipojinasua alitazama huku na huko, akahesabu. Vitanda kumi na tisa vya ghorofa, na yeye mtu mmoja. Hesabu ikamjia wawili. Hakushtuka. Tangu akiwa mdogo hesabu yake ya watu ilikuwa ikizidi mmoja, na hakuwahi kumwambia yeyote, hata mama yake.

Aliitwa Spika kwa sababu kila jambo alilitolea tangazo. Panya akionekana bwaloni, Spika alitangaza ujio wa balozi. Muhula uliopita alibandika mlangoni mwa Matroni notisi yenye muhuri wa kuchonga kwenye kiazi, ikimjulisha kwamba ofisi yake imekodishwa kwa wafuga nyuki. Adhabu ilikuwa kusugua mabafu wiki mbili, akayasugua huku akiyahutubia. Mtu wa namna hiyo kila mmoja hudhani anamjua mpaka kwenye utumbo. Ukweli ni kwamba katika bweni lile lenye roho thelathini na nane hapakuwa na aliyefichika kama yeye.

Sasa, mwalimu wao wa darasa alikuwa Mwalimu wa Baiolojia, mama mrefu mwenye miwani, ambaye alipenda vitu vijulikane vilivyo. Kila mwaka, mwanzoni mwa muhula wa mwisho, aligawa kadi nyeupe za maktaba, moja kwa kila mwanafunzi. Uliandika mambo matano kukuhusu ambayo hakuna darasani anayeyajua. Jina huandiki. Kisha alizichanganya, akazisoma moja moja, darasa likakisia, na mwenyewe akasimama. Alisema haifai watu kulala chumba kimoja mwaka mzima kama mizigo stoo.

Spika alijaza kadi yake kwa uongo mtupu: kwamba alimeza kifungo cha askari, kwamba ananusa mtihani siku tatu kabla haujafika. Lakini siku ile ya kugawa, kadi moja ilibaki juu ya meza ya mwalimu, na mkono wa Spika haukuweza kuona kitu kimebaki juu ya meza ukakiacha. Kwenye kadi hiyo ya pili aliandika kwa mkono wa kushoto, na aliandika kweli. Darasa lingeambiwa ni utani wa mwanafunzi wa thelathini na tisa. Ila sababu yake ya ndani ilikuwa nyingine kabisa. Alitaka kuyasikia mambo yake yakitamkwa na mtu mwenye akili timamu, halafu atazame nyuso za watu, ajue kama yeye ni mzima au siye.

Mchana ule mambo yalianza kwa kicheko. Kadi ya Spika ilitambuliwa kabla kifungo hakijafika tumboni. Redio, rafiki yake mkubwa, ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia, alijulikana kwa kusema anaogopa vipepeo. Mwalimu alisoma kwa sauti ileile aliyotumia kutaja mifupa ya mkono. Akafikia kadi moja iliyoandikwa herufi zilizopinda.

“Moja. Nabisha hodi kabla ya kuingia chumba ambacho najua hakina mtu. Mbili. Sinywi funda la mwisho kikombeni, namwachia. Tatu. Nikinawa uso sifumbi macho yote mawili pamoja. Nafumba moja, kisha lingine. Nne. Nikiitwa kwa nyuma siitiki mpaka niitwe mara ya pili. Tano. Nikihesabu watu chumbani, kila mara anazidi mmoja.”

Hakuna aliyecheka. Watu walianza kutazamana, na Spika aliona midomo ya wawili watatu ikihesabu. Redio aliuliza kwa sauti ndogo kama mwenye kadi analala karibu naye bwenini kwao, Bweni la Nne, kwa sababu kama ni hivyo yeye anahamia kwa wapishi. Hapo ndipo Spika alipotakiwa kuinuka na tangazo lake. Magoti yalikuwa tayari. Lakini kabla hajanyanyuka, kiti kilikwaruza sakafu nyuma ya darasa.

“Ni yangu,” alisema Mgeni.

Mgeni alikuwa amehamia wiki mbili zilizopita na begi moja. Alipewa kitanda cha chini, Spika akiwa juu yake. Alikuwa kimya kiasi kwamba kiranja alishamwekea alama ya kutokuwepo mara mbili, naye amesimama mbele yake. Mwalimu alimshukuru, akamwambia akae. Kadi zilipoisha ilibaki moja isiyo na neno, mbele wala nyuma. Mwalimu aliigeuzageuza, akasema kuna mtu amechezea karatasi ya shule, akaiweka pembeni. Spika peke yake ndiye aliyeelewa. Ile tupu ndiyo ilikuwa ya Mgeni.

Kesho yake asubuhi Mgeni alisimama mbele ya mlango wa bafu lililokuwa wazi na tupu. Akagonga mara tatu, akangoja kama pumzi mbili hivi, akagonga tena mara moja, ndipo akaingia. Wasichana waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao walirudi nyuma hatua moja. Spika alirudi mbili. Kadi ilisema anabisha hodi tu. Haikusema tatu, kimya, moja. Hivyo ndivyo alivyobisha Spika, na alibisha kwa ukucha, pale tu alipohakikisha hakuna mtu.

Chai ya saa nne, Mgeni alibakiza funda lake, kisha akazungusha kikombe mpaka kishikio chake kikaelekea ukutani. Hilo nalo halikuwa kwenye kadi. Spika alitazama kikombe kile akajisikia kama mtu aliyekutana na gauni lake mwenyewe limevaliwa na mtu mwingine barabarani, na likamkaa vizuri zaidi.

Lililowatisha wote lilikuja Alhamisi. Bwaloni walikaa wanane kwa meza, na siku hiyo zamu ya kuleta vikombe ilikuwa ya Mgeni. Akaleta tisa. Redio alimwambia kwa upole usio wa kawaida yake kwamba wako wanane. Mgeni alipitisha macho mezani taratibu, akianzia kulia, akaishia kwenye nafasi iliyokuwa kati ya Redio na ukuta, mahali ambapo hata paka asingetosha.

“Tuko tisa,” alisema, akakiweka kikombe pale.

Redio alikula chakula chake chote amesimama.

Na Spika? Spika naye alihesabu, chini kwa chini, kama alivyohesabu kila meza ya maisha yake. Alipata wanane. Akarudia kutoka upande wa pili. Wanane. Miaka kumi na sita hesabu haikuwahi kumtokea sawa, na sasa ilikaa sawasawa kama kitabu kwenye rafu. Usiku huo alilala kama gogo. Siku zilizofuata alisukuma milango kwa mguu, akamaliza chai mpaka majani yakamshika kooni, akanawa uso macho yote yamefumbwa kama watoto wa watu wengine. Alicheka sana wiki ile. Wenzake wakasema Spika amenoga.

Ila vyumba vilibadilika. Aliingia maktaba, akakuta ni meza na vitabu. Aliingia bweni mchana, akakuta ni vyuma na magodoro. Zamani kila chumba alichokifungua kilikuwa na namna ya kumpisha, kama mtu anayesogea kwenye benchi. Sasa hakuna kilichosogea. Alijiambia hayo ndiyo maisha ya watu wazima wa akili, akazidi kucheka.

Jumanne, baada ya masomo, alitumwa ufagio. Stoo ya mafagio ilikuwa mwisho wa ujia, chumba kisicho na dirisha. Aliusukuma mlango bila hodi. Mgeni alikuwa ndani, katikati ya ndoo, ameuelekea ukuta. Kanga ilikuwa begani mwake na mkono mmoja uko kifuani. Hakugeuka. Alikuwa anasema polepole, na sauti iliyotoka haikuwa ile yake ya kunong’ona. Ilikuwa ya Spika, na mikwaruzo yake, na ule mkato wake wa kupumzika kabla ya neno kubwa.

“…mbele ya kuta hizi nne, na kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa…”

Hotuba ile haikuwahi kusomwa mbele ya mtu. Spika aliufunga mlango taratibu, kama anayefunga chumba cha mgonjwa, akaondoka bila ufagio. Alipofika uwanjani akajaribu kujisemea neno lolote kwa sauti yake, akaona linatoka kavu, limepungua kitu asichoweza kukitaja.

Jioni hiyo Redio alikuja na karatasi. Bweni zima lilikuwa limechoka kuishi na mtu anayeandaa vikombe vya wasioonekana. Walitaka Mgeni aondolewe, na barua nzuri kwa Matroni ingeweza kuandikwa na nani kama si Spika?

Angeweza kukataa. Aliufikiria huo uwezo kwa muda mfupi mno. Mgeni akiondoka, angeondoka na yote: hodi, funda, yule wa ziada. Hakuna ambaye angejua kamwe, na hakuna ambaye angesema hotuba zake gizani. Aliomba kalamu. “Sisi wakazi watiifu wa Bweni la Nne,” aliandika, “kwa moyo mzito na wino mwepesi.” Akayapanga matendo ya Mgeni moja baada ya jingine. Yalikuwa matano, na matano yalionekana machache kwa barua yenye sahihi thelathini na saba, kwa hiyo akaongeza la sita, akamalizia kwa kuomba hatua za haraka. Redio aliisoma akasema jamani, hii hata rais angeitii.

Matroni alitii. Mgeni alihamishiwa chumba cha wagonjwa, peke yake, na shangazi yake akapigiwa simu aje Jumamosi. Siku hizo za kungoja Spika alipita mbele ya chumba kile mara tano. Mara zote alisikia kimya, na mara zote alitembea haraka.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikutana ofisini kwa Matroni. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa kando ya dirisha na bahasha ya kadi. Shangazi alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi aliyetoka kazini moja kwa moja, futi ya kitambaa bado shingoni. Mgeni alikaa naye, begi miguuni. Spika aliitwa kama mwandishi wa barua, akaamkia wakubwa wote, akabaki amesimama.

Matroni alieleza mambo kwa lugha ya kiofisi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuiona kadi, akaisoma, akamrudishia mwalimu.

“Hii si yake, dada,” alimwambia Matroni. “Mwanangu huyu hana hata moja ya haya. Hana lake lolote. Shule ya kwanza alirudi na kigugumizi, nikamshangaa, maana alikwenda akisema sawasawa. Kumbe kilikuwa cha mtoto aliyekaa naye dawati moja. Shule ya pili alirudi anachechemea mguu wa mwenzake.”

Matroni aliuliza kama aliwahi kumpeleka hospitali. Shangazi alisema alimpeleka, wakamkuta mzima. Mwalimu wa Baiolojia akauliza swali ambalo wengine hawakulifikiria: yule mtoto wa kigugumizi alikuwaje baadaye?

Shangazi aliizungusha futi kidoleni. Alieleza kwamba siku ileile walipoondoka, mtoto yule alisoma ukurasa mzima bila kukwama, na wazazi wake wakafurahi wakafanya sherehe. Baada ya mwezi mmoja wakamwandikia barua kuuliza kama Mgeni anaweza kuja kuwatembelea, hata siku moja. Mtoto wao alikuwa hakwami tena kwa sababu alikuwa hasemi tena. Aliwaambia kwa maandishi kwamba akifungua mdomo hakuti mtu.

Spika alihisi ulimi wake ukiwa mzito kama kipande cha sabuni.

“Ndiyo maana nimekuja mapema,” shangazi alisema. “Namchukua, sina ugomvi. Lakini kwanza nioneshwe mwenye vitu hivi. Akiondoka navyo, mimi sijui njia ya kuvirudisha.”

Matroni alisema hilo ni gumu, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyedai kadi ile. Mgeni alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumtazama Spika hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Angemtazama, mambo yangekwisha pale pale. Badala yake alimfichia siri yake, kama mtu anayeshikilia mlango kwa mgongo.

Mwalimu wa Baiolojia alikuwa ameichukua ile barua kutoka mezani. Alikuwa anaisoma kama anavyosahihisha, kidole kikishuka na mistari. Kidole kikasimama.

“Spika,” alisema, “haya matano ya kwanza nimewauliza wenzako, wameyaona. Hili la sita nimemuuliza kila mtu, hakuna aliyeliona. Umeandika, ‘Kabla hajajitazama kwenye kioo hukipulizia pumzi kwanza, kioo kimwone kabla yeye hajakiona.’ Uliliona wapi?”

Spika alijibu kwamba bwenini. Mwalimu akamgeukia Matroni. Matroni alisema kioo cha bweni kilivunjika muhula wa kwanza, na vioo vya mkononi yeye mwenyewe alivikusanya vyote, isipokuwa kimoja kilichogundishwa ndani ya kifuniko cha sanduku la bati, ambacho alikihurumia kukibandua. Sanduku la nani, hakulitaja. Hakukuwa na haja.

“Kwa hiyo anayekipulizia kioo ni nani?” mwalimu aliuliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama anayetaka kitu kijulikane kilivyo.

Spika alifungua mdomo atoe tangazo. Lilikuwa tayari, lenye waheshimiwa na mamlaka na radhi ya bunge, na kwa sauti ile angeweza kuwachekesha wote watatu, yakaisha. Halikutoka. Alijaribu tena, na kilichotoka kilikuwa kidogo, cha kawaida kabisa.

“Ni mimi. Kadi ni yangu.”

“La kwanza mpaka la tano?”

“Mpaka la sita. Niliiiba kadi mezani kwako, nikaandika kwa mkono wa kushoto. Yeye alipodai ni yake nilikaa kimya. Barua nimeandika mimi, maneno yote. Wenzangu walitia sahihi tu. Hajamkosea mtu.”

Matroni alivuta barua kutoka mkononi mwa mwalimu, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Akamwambia shangazi kwamba begi lile halina haja ya kutoka getini, na kwamba Spika atalibeba mwenyewe kulirudisha bwenini, kisha atasimama mbele ya wenzake awaeleze sababu, bila sanduku la kupandia.

Hapo Mgeni aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa mtulivu, hauna kilichoandikwa, kama ile kadi tupu.

“Nikimrudishia,” alimuuliza Spika, “mimi nitabaki na nini?”

Matroni alitazama meza yake. Swali lilikuwa la Spika. Alichokuwa nacho ni kitu kimoja, kilichomkaa kooni tangu ile Alhamisi ya vikombe, na ambacho Mgeni asingeweza kukichukua hata angemtazama mwaka mzima, kwa sababu hakikuwahi kutokeza nje.

“Sijui,” alisema. “Lakini kuna la saba, sikuliandika popote, na hili nakupa mwenyewe. Ulipoyachukua, nikaona watu wanakukimbia, nilifurahi. Nililala vizuri. Na leo kama mwalimu asingenikamata, ningekuacha uondoke.”